Spea za katapila la zamani: Cat, International au County, ipi inaingiliana na ipi?

Mwezi uliopita ndugu mmoja wa Usoke alinipigia simu. Ameonyeshwa makatapila mawili kwa siku moja: D4 ya Caterpillar (Cat) iliyokaa chini ya mwembe miaka mingi, na International TD-6 iliyoachwa pembeni mwa shamba la tumbaku. Yote mawili hayatembei, bei zinakaribiana, na mfuko wake unabeba moja tu. Anataka kung'oa visiki na kuchimba lambo. “Fundi, nichukue lipi?” Nikamwuliza kibati, kile kipande cha bati chenye namba za mashine, kimeandikwaje. Akanyamaza. Nikamwomba asitoe hata shilingi kabla hajakisoma.

Swali hili naulizwa kila kiangazi, na huwa linaulizwa kinyume. Watu huuliza mashine ipi ni imara. Makatapila haya yote ni imara, ndiyo maana bado yapo. Linaloamua kama litafanya kazi tena au litakatwa kuwa chuma chakavu ni spea: ikifa pistoni, utaitoa kwenye mashine gani nyingine? Na hapo jina la modeli linadanganya. D4 mbili zinaweza kukataana pistoni, wakati D4 na D6 zikavaliana vizuri kabisa. Zile herufi na namba za mwanzo kwenye kibati ndizo zinazosema ukweli.

Kwetu Tabora suala hili lina historia yake. Urambo ilikuwa moja ya sehemu tatu za skimu ya karanga ya Waingereza, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Ilianza 1947, ikaachwa 1951. Matrekta mapya hayakupatikana baada ya vita, kwa hiyo walinunua mitumba ya jeshi la Marekani, mingine ikatoka Ufilipino. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa na Vickers-Armstrongs kuwa matrekta, vikaitwa Shervick. Baadaye Urambo ikawa nchi ya tumbaku, na mashine nyingine zikaja na mashamba na barabara. Kwa hiyo ukikuta chuma cha zamani porini kwetu, usidhani ni cha kundi moja na cha jirani yako.

Vitu vya kupima

Mimi hupima mambo matano, na nitayafuata kwa kila kundi hapa chini.

La kwanza ni matumbo ya injini: pistoni, laina (bomba ambamo pistoni hucheza), ringi, vali, nozo (inayopulizia dizeli). La pili ni miguu, yaani cheni, pini na bushi zinazounga pingili zake, roli (magurudumu madogo yanayokanyaga cheni), aidla (gurudumu la mbele linaloikaza) na sproketi (gurudumu la meno linaloivuta). Mchanga wetu wa Tabora unakula miguu kuliko kitu kingine chochote, na miguu ndiyo sehemu ghali. La tatu ni klachi za kukatia kona, zinazokata nguvu ya cheni ya upande mmoja ili katapila ligeuke, na breki zake. La nne ni namna ya kuwasha, kwa sababu mashine nyingi zilizolala zililazwa na mfumo wa kuwasha, injini yenyewe ikiwa nzima. La tano ni mashine ya kuchinja: je, kuna nyingine karibu, iwe katapila, greda, lori au injini ya kusimama, ambayo unaweza kuitoa spea?

Kabla ya hayo yote, soma namba. Chukua mafuta ya taa, brashi ya waya na kipande cha chaki. Safisha kibati cha injini, kisha nenda nyuma kwenye boksi la gia utafute namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe. Pakaza chaki juu ya namba halafu futa kwa kiganja; chaki itabaki ndani ya mikwaruzo na namba itasomeka hata kama kutu imekula. Namba ya injini na ya nyuma zisipofanana, ujue injini ilishabadilishwa, na utanunua spea kwa namba mbili tofauti.

Cat ndogo: D2, D4 na D6

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo watu wanapopotea zaidi.

Tuanze na injini. D4 za kabla ya 1947, zile za 7J, 2T na 5T, zina silinda nne zenye kipenyo cha inchi 4 na robo. D6 za wakati huo, 4R na 5R, zina silinda sita za kipenyo kile kile na mwendo ule ule wa pistoni (umbali inaopanda na kushuka), inchi 5 na nusu. Mwaka 1947 Caterpillar wakapanua zote mbili kwa pamoja. D4 ikawa 6U na 7U, D6 ikawa 8U na 9U, na kipenyo kikawa inchi 4 na nusu. Kwa hiyo D4 ya 7U ni ndugu wa D6 ya 9U: injini moja, ila moja ina silinda nne na nyingine sita. D4 ya 7U na D4 ya 2T zinaitwa jina moja na zinafanana ukiziangalia kwa mbali, lakini pistoni ya moja haiingii kwenye nyingine.

Hili nimelilipia mwenyewe. Nilikuwa na 2T, nikaagiza kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam “pistoni na laina za D4”. Hakuuliza namba, nami sikumpa. Mzigo ukafika Tabora, nikafungua boksi pale pale kituo cha basi, nikaweka pistoni mpya kando ya ile kuukuu. Mpya ilikuwa pana kwa robo inchi, zaidi kidogo ya milimita 6. Wakala hakukubali kuzirudisha. Kiangazi chote mashine ikakaa imefunguliwa, imefunikwa turubai, na lambo niliyoahidi kuchimba ikachimbwa kwa jembe. Tangu siku hiyo siagizi kitu bila kuandika namba ya kibati kwanza, halafu ndiyo jina la spea.

Namba hizo za U zinaeleza na upana pia. 6U ni D4 nyembamba, inchi 44 kutoka katikati ya cheni moja hadi nyingine. 7U ni pana, inchi 60. Kwa D6, 8U ni inchi 60 na 9U ni 74. Upana haugusi matumbo ya injini, ila unagusa vyuma vinavyovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ukichinja 6U kwa ajili ya 7U, chukua injini, acha vyuma hivyo vya kuvuka.

D2 ni mtoto wa pembeni. Injini yake haigawani pistoni na D4. Za mwanzo, 3J na 5J, ni inchi 3 na robo tatu. Za 1947 hadi 1957, 4U na 5U, ni inchi 4 kwa mwendo wa inchi 5. Angalia hapo: BTD-6 ya International nayo ina kipenyo cha inchi 4, ila mwendo wake ni inchi 5 na robo. Muuza chuma chakavu mwenye futi anaweza kukuapia kwamba ni pistoni ile ile. Kipenyo kinalingana, lakini ni pistoni mbili tofauti.

Kuhusu mafuta, Cat za zama hizi zina faida ambayo fundi wa kijijini anaihisi mara moja. Kila silinda ina kipampu chake, na nozo ni kidonge kinachofunguliwa na kubadilishwa kizima. Kikifa kimoja unabadilisha kimoja, na kipya hakihitaji kupelekwa mjini kupimwa kwenye mashine ili kilingane na wenzake.

Miguu inataka futi kuliko maneno. Usiamini kwamba cheni ya D4 ni cheni ya D4, kwa sababu kwa miaka yote hiyo wenye mashine wamezibadilisha miguu walivyoweza. Vuta cheni ikaze, pima kutoka ukingo wa pini moja hadi ukingo ule ule wa pini ya tano, gawa kwa nne. Hiyo ndiyo hatua ya cheni yako. Pima na ya mashine unayotaka kuichinja. Cheni iliyokwisha hurefuka, kwa hiyo tafuta pingili ambazo hazijalika sana. Cheni yenye hatua tofauti na sproketi itapanda juu ya meno na kuruka, na meno yataisha ndani ya wiki chache. Kabla hujanunua cheni yoyote, uliza kama pini na bushi zilishawahi kugeuzwa. Kama bado, mwenye presi anaweza kuzigeuza nusu mzunguko, upande mzima ukakaa mahali pa uliokwisha, ukapata maisha ya pili kwa gharama ya kazi tu.

Klachi za kona ni za sahani kavu, na bendi za breki zinavaa lainingi ya kupigwa ribiti. Fundi anayevalisha breki za malori anaiweza kazi hii. Adui mkubwa ni oili inayovuja kutoka kwenye gia za mwisho na kulowesha sahani. Badilisha sili kabla hujagusa lainingi.

Kuwasha ni kwa injini ndogo ya petroli yenye silinda mbili, ambayo inaizungusha injini kubwa mpaka ishike. Ikiwa nzima, D4 itawaka hata bila betri. Ikiwa imekufa au imeibwa, utakuwa unavutwa na trekta jingine kila asubuhi. Mwombe mwenye mashine aiwashe hiyo ndogo mbele yako, hata kama kubwa haiwaki.

Kwa mashine ya kuchinja, kundi hili lina ndugu wengi. Injini ya D6 ya U ndiyo iliyokuwa kwenye greda Cat No. 12, ya D4 ilikuwa kwenye greda No. 112, ya D2 kwenye No. 212. Greda kuukuu iliyolala kwenye yadi ya barabara inaweza kuwa hazina yako. Uliza kwa utaratibu, subiri mnada, wala usinunue usiku kutoka kwa mtu asiye na karatasi.

Linamfaa mwenye kazi mchanganyiko: visiki, barabara ya shamba, lambo dogo, na mwenye subira ya kusoma namba.

Cat kubwa: D7 na D8

Habari hapa ni fupi kwa sababu mpango ni ule ule. D7 ya zamani, mfano 7M na 3T, ina silinda nne. D8 ya 8R na 2U ina sita. Zote ni inchi 5 na robo tatu kwa mwendo wa inchi 8. D7 na D8 za enzi moja ni ndugu kama D4 na D6 zilivyo. Za baadaye, kama D8 yenye injini ya D342, zilibaki na kipenyo na mwendo ule ule, lakini vyuma vya ndani vilibadilishwa, kwa hiyo linganisha namba ya spea yenyewe kabla ya kufurahi.

Miguu ni mizito mno kwa kubahatisha: pingili chache tu zinahitaji winchi. Klachi na breki hufanyiwa kazi ile ile, ila lainingi inakula fedha zaidi. Kuwasha ni kwa injini ndogo vile vile. Faida yake kwa spea ni kwamba injini hizi ziliuzwa pia kama za kusimama, za kuendeshea viwanda na pampu, kwa hiyo pistoni ya D7 inaweza kutoka kwenye injini ambayo haijawahi kuona cheni.

Linamfaa mwenye malambo makubwa au anayekodisha. Kwa ekari chache za miyombo, dizeli yake itakushinda kabla ya spea.

International: TD-6, TD-9, TD-14, TD-18 na BTD-6

Wapo wanaoziogopa hizi kwa sababu hawazijui. Mimi naziheshimu, ila zina sehemu moja dhaifu nitakayoisema wazi.

Injini zake zinaingiliana kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya Cat: TD-14 na TD-18 zina kipenyo cha inchi 4 na robo tatu na mwendo wa inchi 6 na nusu, moja silinda nne, nyingine sita. Njia ya pili ndiyo inayonipendeza kwa mkulima, yaani ndugu wa magurudumu. Injini ya TD-6 ni ile ya trekta WD-6 na Farmall MD, inchi 3 na sehemu saba za nane kwa inchi 5 na robo. TD-9 ni ndugu wa WD-9. BTD-6, iliyotengenezwa Doncaster, Uingereza, ina injini ya BD-264, ambayo ndiyo ya trekta B-450. Mtu anaweza kuwa na B-450 iliyokufa gia, imelala nyuma ya ghala, na injini yake ikawa ndiyo uhai wa BTD-6 yako.

Usichanganye TD-6 na BTD-6 kwa kufanana majina. Mwendo wa pistoni ni mmoja, kipenyo ni tofauti, na vichwa vya silinda havifanani kwa sababu namna ya kuwasha ni tofauti.

Na hapo ndipo penye udhaifu. TD za zamani huwaka kwa petroli ndani ya injini ile ile kubwa. Zina kabureta, magneto (inayozalisha umeme wa cheche), plagi, na vali ya ziada inayofungua chumba cha pembeni ili mgandamizo upungue. Unawasha kwa petroli, inapasha moto, halafu unavuta mkono na injini inahamia kwenye dizeli. Ni ufundi wa ajabu, na ikikaa sawa inawaka kwa mkono. Lakini kichwa chenye vyumba vingi namna hiyo hupasuka, hasa mashine ikifanya kazi na maji machache kwenye radieta. Nasema kwa msisitizo: kabla ya kununua TD, jaza maji, acha usiku kucha, asubuhi toa oili kidogo kwa chini. Maji yakitangulia, kichwa au laina imekwisha. Kichwa kizima cha TD ni kigumu kupata kuliko pistoni zake zote.

Miguu yake ipime kama nilivyoeleza kwa Cat. Cheni ya Cat haikai kwenye sproketi ya International bila kuthibitisha hatua, upana wa pingili na unene wa bushi, vyote vitatu. Klachi za kona na breki ni kazi ya fundi wa kawaida wa lainingi.

Linamfaa mwenye International ya magurudumu tayari, au anayejua ilipolala moja. Na linamfaa mwangalifu wa maji. Dereva anayesahau radieta msimpe TD.

County Full Track

Hii ni trekta la Fordson Major lililovalishwa cheni na kampuni ya County ya Fleet, Uingereza. Wengi wanaidharau kwa udogo. Kwa upande wa injini, ndiyo rahisi kuliko zote nilizotaja. Ile ya dizeli ya New Major, iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1950, ina lita 3.6 na kipenyo cha milimita 100, na jamii hiyo hiyo ya injini ilitiwa kwenye malori ya Thames Trader. Inawaka kwa stata na betri kama trekta la kawaida, na fundi yeyote aliyewahi kufungua Fordson ataifungua bila hofu. Kama ni ya zamani zaidi, ya Fordson Major ya awali iitwayo E27N, injini ni nyingine kabisa, kwa hiyo soma kibati hata hapa.

Tatizo liko chini. Cheni, roli na aidla ni za County mwenyewe, na County zilizobaki ni chache. Injini utaipata Tabora, miguu utaichonga. Roli zinaweza kujazwa kwa kuchomelea na kukerezwa upya na mchongaji mwenye mashine kubwa, pini pia zinachongeka kwa chuma kizuri. Bushi na pingili ni shida ya kweli. Nunua County kwa miguu yake tu, na injini iwe jambo la pili.

Linamfaa mkulima mwenye Fordson, mwenye majaruba ya mpunga kwenye mbuga ambako magurudumu huzama, asiyehitaji kusukuma miti.

Fowler yenye silinda moja, ile VF iliyotokana na trekta la magurudumu la Field Marshall, ukiikuta iheshimu. Pistoni yake ina kipenyo cha inchi 6 na nusu, haina vali kichwani, na injini yake inaingiliana na Field Marshall ya enzi yake. Ila spea zake ziko kwa wapenzi wa mashine za kale Uingereza, na mkulima anayesubiri mvua ya Novemba hawezi kuzisubiri.

Kulingana na hali yako

Kama jirani ana D4 au D6 ya namba za U, hata kama ni D6 na wewe unaangalia D4, chukua ya U. Mtanunua pistoni pamoja, mtaazimana nozo.

Kama D4 unayoiangalia ni 2T, 5T au 7J, injini ikiwa imejam, usiitupe, lakini ipunguze bei sana. Tafuta kwanza D6 ya 4R au 5R ya kuchinja, kisha ndiyo urudi kwa mwenye mali.

Kama una B-450 iliyokufa nyumbani, BTD-6 yenye miguu mizuri na injini mbovu ni bahati yako. Kwa mtu asiye na B-450, mashine hiyo hiyo ni mzigo.

Kama TD imepita jaribio la maji na inawaka kwa petroli mbele ya macho yako, usiogope. Ikikataa kuwaka kwa petroli lakini inawaka ikivutwa, bei ishuke kwa thamani ya kabureta na magneto, si zaidi. Ikitoa maji kwenye oili, ondoka.

Kama fedha ni ya msimu mmoja na kazi ni kulima na kupiga haro ardhi iliyokwisha safishwa, County yenye cheni ambayo haijalika itakutosha.

Kama huna fundi wa kudumu, angalia fundi wa karibu anajua nini kabla ya kuangalia mashine. Aliyezoea Fordson na malori umletee County. Aliyekulia kwenye magreda ya Cat umletee Cat.

Yule ndugu wa Usoke alirudi na picha mbili za vibati, chaki bado imejaa kwenye namba. D4 ilikuwa 7U. TD-6 ilikaa na maji usiku mzima na asubuhi ikatoa oili safi. Mashine zote mbili zilikuwa nzuri kwa namna yake. Nikamwuliza kuna nini kingine hapo kijijini. Akasema kwenye yadi ya zamani ya barabara kuna greda No. 112 limelala, linasubiri mnada. Akachukua D4, na sasa anafuatilia tarehe ya mnada huo.